Gesi Haiishi, Huvuja: Mazungumzo na Wenye Magari juu ya Kiyoyozi Kinachotoa Hewa ya Joto



Tumekuja kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wenye magari wengi katika jiji hili wamelikuta, hasa kati ya Desemba na Machi, joto la pwani linapokuwa kali na unyevu wa bahari ukaliongezea uzito. Mtu hufunga vioo, huwasha kiyoyozi, feni huvuma kama kawaida, lakini hewa itokayo ni ya joto. Hulipeleka gari kwa fundi. Fundi hushika bomba moja kwa vidole, hutikisa kichwa na kusema: "Gesi imeisha." Mwenye gari hulipa, gesi hujazwa, na baridi hurudi. Baada ya wiki nne au tano joto limerudi pia, na jibu la fundi ni lile lile.

Maneno hayo mawili, "gesi imeisha", ndiyo tunayotaka kuyachunguza leo. Petroli huisha, kwa kuwa huungua ndani ya injini. Gesi ya kiyoyozi haiungui na wala hailiwi na kazi inayoifanya. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, ikatoka na kurudi. Ikipungua, maana yake imepata mahali pa kutokea. Kwa hiyo ujumbe wetu kwa mlaji ni mmoja: usilipie gesi kabla ya kuonyeshwa ilikovujia.

Hatusemi hivyo kwa nia ya kuwatia mafundi wetu aibu. Wapo wengi walio hodari na waaminifu, na wao ndio wa kwanza kuumia pale mteja anapoamini kwamba kazi nzima ya kiyoyozi ni kubofya mtungi wa gesi. Tunasema ili mlaji alipe fedha yake kwa kitu anachokielewa.

Namna kiyoyozi kinavyofanya kazi

Kiyoyozi hakitengenezi baridi, bali huhamisha joto. Mtu anayetaka kuchomwa sindano hupakwa spiriti, na ngozi yake husikia ubaridi mara moja, kwa sababu spiriti inapogeuka mvuke huondoka na joto la ngozi. Mtungi wa udongo nao hupoza maji kwa njia hiyo hiyo, kwa unyevu unaotoka polepole katika kuta zake. Kiyoyozi cha gari hufuata kanuni hii, ila umajimaji wake hauachwi upotee hewani. Hukusanywa na kurudishwa kazini.

Safari huanzia kwenye kompresa. Kompresa huzungushwa na mkanda wa injini, nayo huibana gesi mpaka ikapata moto, kama pampu ya baiskeli inavyopata moto mtu anapojaza upepo. Gesi hiyo hupelekwa kwenye kondensa, yaani ule wavu wa mabomba membamba ulio mbele ya rejeta. Hapo hewa ya nje huipoza na kuigeuza kimiminika. Kisha hupita kwenye draya, ambayo hunyonya unyevu na kuzuia taka, halafu hupenya katika valvu yenye tundu dogo sana. Ikitoka upande wa pili presha yake hushuka ghafla, na ndani ya evaporeta, iliyojificha nyuma ya dashibodi, hugeuka mvuke na kunyonya joto la hewa inayopulizwa na feni. Hewa iliyopoteza joto lake ndiyo inayotufikia usoni. Unyevu wake hugeuka maji na kudondoka chini ya gari, na ndiyo maana gari lenye kiyoyozi kizima huacha kidimbwi cha maji masafi linaposimama. Maji hayo si ubovu.

Jambo moja linalosahauliwa ni mafuta. Gesi husafiri pamoja na mafuta maalumu yanayolainisha kompresa. Inapovuja, sehemu ya mafuta hutoka nayo. Mtu anayejaza gesi mara nne bila kuziba tundu amepoteza pia mafuta mara nne, na pengine hakuna aliyeyarudisha. Kompresa huanza kusagika kwa ukavu. Siku ikifa, chenga za chuma husambaa katika mfumo mzima, na matengenezo ambayo yangekuwa ya oringi moja ya mpira huwa ya kompresa, draya, valvu na pengine kondensa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi tunaona methali hiyo ikitimia chini ya boneti.

Ni haki tuongeze kwamba hakuna mfumo usiopoteza hata chembe. Mabomba ya mpira na oringi hupitisha gesi kidogo sana mwaka hadi mwaka. Gari lililotumika miaka mingi bila kuguswa, mathalani lile lililoletwa kutoka Japani likiwa na umri mkubwa, laweza kuhitaji kuongezewa kwa sababu hiyo tu. Lakini gari linalopoteza baridi kwa wiki au miezi michache lina tundu, na tundu halizibwi kwa gesi.

Mambo unayoweza kuyachunguza mwenyewe

Kabla ya kwenda kwa fundi, mwenye gari anaweza kupata habari nyingi kwa macho, masikio na mikono yake. Habari hizo humsaidia fundi mwema, na humzuia yule asiye mwema kukuchagulia ugonjwa.

Kwanza, angalia nguvu ya hewa. Ikiwa hewa inatoka kidogo, ingawa ni ya baridi, tatizo huenda si gesi kamwe. Magari mengi yana kichujio cha hewa ya ndani, mara nyingi nyuma ya kabati dogo la dashibodi upande wa abiria. Kichujio kilichojaa vumbi huzuia hewa kupita, na kukibadilisha ni kazi ya dakika chache.

Pili, sikiliza. Injini ikiwa inanguruma na gari limesimama, washa kiyoyozi. Magari mengi hutoa mlio mfupi wa klachi ya kompresa ikishika, na mzunguko wa injini hubadilika kidogo. Pasipo mlio wala mabadiliko, huenda kompresa haiwaki. Sababu yaweza kuwa fyuzi, rilei, waya, klachi yenyewe, au swichi ya presha iliyoizuia kwa kuwa gesi imepungua mno. Baadhi ya magari mapya yana kompresa isiyo na klachi, kwa hiyo ukimya peke yake haujawa ushahidi kamili.

Tatu, linganisha gari likiwa katika mwendo na likiwa limesimama. Tuchukue mfano wa mtu anayekaa Kigamboni na kufanya kazi Kariakoo. Siku akipita Daraja la Nyerere gari hukimbia, na ndani kuna baridi ya kutosha. Siku akipitia Magogoni, akiwa amesimama katika foleni ya kivuko, hewa hugeuka vuguvugu, na baridi hurudi akishashuka ng'ambo na kuanza kwenda. Dalili hiyo humwelekeza kwanza kwenye feni ya kondensa, au kondensa iliyozibwa na vumbi na majani. Gari likienda, upepo wa barabarani hufanya kazi ya feni. Likisimama, hakuna wa kuifanya. Mtu huyu akijaziwa gesi ya ziada atapata hasara mara mbili, kwa kuwa gesi iliyozidi huongeza presha na kupunguza baridi.

Nne, tazama feni hiyo. Fungua boneti, mwambie mwenzako awashe kiyoyozi, kisha angalia kama feni ya mbele inazunguka. Weka mikono, vitambaa na tai mbali, maana feni ya umeme huweza kuwaka bila taarifa hata injini ikiwa imezimwa.

Tano, tafuta mafuta. Kwa kuwa mafuta hutoka pamoja na gesi, mahali panapovuja huwa na unyevu wa mafuta ulioshika vumbi jeusi. Kagua maungio ya mabomba, mdomo wa kompresa na uso wa kondensa. Hapa kwetu pwani kuna adui wa ziada: chumvi ya bahari. Hewa yake hula aluminiamu ya kondensa, na gari linalolala karibu na maji, Kivukoni au Kigamboni, hupatwa mapema kuliko la bara.

Sita, angalia geji ya joto la injini. Magari mengi huzima kiyoyozi yenyewe injini inapopata joto la kupita kiasi. Hapo ugonjwa uko kwenye rejeta au maji yake, na kutibu kiyoyozi ni kumwacha mgonjwa na kumpa dawa jirani yake.

Saba, linganisha matundu ya hewa. Ikiwa upande wa dereva ni baridi na wa abiria ni joto, au hewa ni ya joto ingawa mabomba chini ya boneti yamepoa na kutoa jasho, huenda kile kibao cha ndani kinachochanganya hewa ya joto na ya baridi kimekwama. Kazi hiyo ni ya dashibodi na haihitaji hata gramu moja ya gesi.

Kazi ya fundi inavyopaswa kuwa

Sasa tuseme umefika kwa fundi. Kazi inayostahili malipo yako ina hatua nne, na ni vema uzijue kwa mpangilio wake.

Hatua ya kwanza ni kupima. Fundi huunganisha geji mbili, moja upande wa presha ndogo na nyingine upande wa presha kubwa, na kuzisoma kiyoyozi kikiwa kinafanya kazi. Kushika bomba kwa vidole ni dalili, si kipimo.

Hatua ya pili ni kutafuta panapovuja. Zipo njia kadhaa: kipimo cha kielektroniki kinachonusa gesi, rangi maalumu inayoonekana kwa taa ya zambarau, au kujaza naitrojeni kavu na kupaka povu la sabuni kwenye maungio. Njia ya povu ni ya gharama ndogo na inatosha kwa matundu mengi. Lakini hapa tunatoa onyo kali: oksijeni ya kuchomelea isitumike kamwe kupimia. Oksijeni yenye presha ikikutana na mafuta ya kompresa huweza kulipuka. Ukimwona fundi akivuta mtungi wa kuchomelea kuelekea kwenye kiyoyozi chako, msimamishe na usogee mbali.

Hatua ya tatu, baada ya kurekebisha, ni kunyonya hewa na unyevu kwa pampu ya vakyumu. Mfumo ulifunguliwa, na hewa ya Dar es Salaam imejaa maji. Maji yakibaki ndani huganda kwenye lile tundu dogo la valvu na kukata baridi, kisha huchanganyika na mafuta na gesi kuzaa asidi inayokula vyuma. Pampu inapaswa kufanya kazi kwa nusu saa au zaidi. Halafu huzimwa, na geji huangaliwa kama imetulia. Ikipanda, tundu bado lipo. Fundi anayeruka hatua hii amekuuzia baridi ya muda mfupi.

Hatua ya nne ni kujaza kwa uzito. Chini ya boneti kuna lebo inayotaja aina ya gesi na kiasi chake kwa gramu. Hata lebo iwe ya Kijapani, tarakimu na alama ya gesi husomeka. Magari madogo mengi huchukua nusu kilo au pungufu ya hapo, na yale yenye kiyoyozi cha mbele na cha nyuma huchukua zaidi. Gesi ipimwe kwa mizani, na mafuta yaliyopotea yarudishwe kwa kiasi na aina inayotakiwa. Unapouziwa sukari Kariakoo hukubali kukisiwa kwa jicho. Na gesi ni bidhaa inayouzwa kwa uzito kama sukari.

Tunaongeza tahadhari moja kwa wenye magari ya haibridi, ambayo siku hizi ni mengi barabarani. Kompresa za mengi kati yake huendeshwa kwa umeme wa volti zaidi ya 200, kupitia nyaya nene za rangi ya chungwa, na huhitaji mafuta yasiyopitisha umeme. Mafuta ya kawaida yakiingia huweza kuharibu kinga ya umeme ya kompresa. Gari la namna hii lipelekwe kwa fundi aliyefunzwa kazi hiyo.

Ni gesi gani inayoingia katika gari lako?

Magari yaliyotengenezwa tangu katikati ya miaka ya 1990 hutumia zaidi gesi iitwayo R-134a, na baadhi ya mapya zaidi hutumia R-1234yf. Yale ya zamani yalitumia R-12, gesi iliyogundulika kuharibu tabaka la ozoni na kupigwa marufuku polepole kufuatana na Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1993. R-134a haiharibu ozoni, lakini huipasha dunia joto: kilo moja ikiachiwa angani hufanya kazi ya takriban kilo 1,400 za hewa ya ukaa kwa kipindi cha miaka 100. Kwa sababu hiyo mataifa yalikutana Kigali mwaka 2016 na kukubaliana kupunguza gesi za jamii hii. Fundi anayeachia gesi ya zamani hewani ili ajaze mpya huliongeza lile joto tunalolikimbia. Mashine ya kunyonya na kuhifadhi gesi ipo, na karakana inayoitumia inastahili wateja.

Hatari ya karibu zaidi ni gesi isiyo yake. Wapo wanaojaza R-22, ambayo ni ya viyoyozi vya majumbani, au hata gesi ya kupikia, kwa kuwa bei ni ndogo. R-22 ina presha tofauti na hailingani na mafuta wala mipira ya gari. Gesi ya kupikia hutoa baridi kweli, lakini huwaka. Evaporeta iko ndani ya chumba cha abiria. Ikivuja huku vioo vimefungwa, cheche moja inatosha. Gari ambalo halikuundwa kwa gesi inayowaka lisijazwe gesi inayowaka.

Ipo pia gesi bandia iliyotiwa katika mitungi yenye jina la R-134a. Mwaka 2011 makontena ya baridi ya kusafirishia vyakula yaliyowekwa gesi ya namna hiyo yalilipuka huko Vietnam na Brazil, na wafanyakazi wakapoteza maisha. Kwa hiyo omba kuuona mtungi kabla haujafunguliwa. Soma alama ya gesi, jina la mtengenezaji na uzito. Rangi ya mtungi peke yake si ushahidi, maana rangi hununuliwa dukani. Bei iliyo chini mno kuliko maduka mengine yote ya mtaa mmoja nayo ni habari, na isipuuzwe.

Ukilazimika kununua spea

Kariakoo na Gerezani zina kila spea, mpya na ya mtumba, halisi na ya bandia. Hatumkatazi mtu kununua ya mtumba, kwani kompresa nzima iliyotoka katika gari la Japani huweza kudumu kuliko mpya isiyojulikana ilikotoka. Lakini nunua kwa kuangalia. Matundu ya kompresa yawe yamezibwa, ili vumbi na unyevu visiingie. Izungushe kwa mkono: izunguke kwa ulaini, bila kukwaruza. Tazama mafuta yaliyomo. Yakiwa meusi au yana chenga zinazometa, iache. Namba yake ilingane na ile iliyotolewa katika gari lako. Na kompresa ya zamani ikiwa ilikufa kwa kusagika, mabomba yasafishwe na draya ibadilishwe, la sivyo chenga za marehemu zitaiua na mgeni wake.

Kubaliana na muuzaji, kwa maandishi juu ya risiti, ni siku ngapi unaweza kuirudisha isipofanya kazi. Ahadi ya mdomo katikati ya kelele za Msimbazi haina shahidi.

Haki zako na karatasi yako

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji juu ya bidhaa na huduma, na inataka huduma itolewe kwa uangalifu na ustadi unaostahili. Kumwambia mtu kwamba gari lake linahitaji kompresa, hali unajua kuwa ni fyuzi, ni kumpotosha. Kupokea malipo ya gesi ya R-134a ukajaza gesi nyingine ni kumpotosha. Lakini sheria huhitaji ushahidi, na ushahidi wa mlaji ni karatasi. Mali bila daftari huisha bila habari.

Kwa hiyo, kabla ya kazi kuanza, muulize fundi maswali matano na uandike majibu yake. Umepima nini, na geji zimesoma nini? Gesi imevujia wapi, waweza kunionyesha? Utatengeneza au kubadilisha nini, na kwa bei gani kila kimoja? Utajaza gesi gani, gramu ngapi? Joto likirudi ndani ya muda fulani, utafanya nini? Fundi anayeijua kazi yake hajibu maswali haya kwa hasira. Mwulize pia alikojifunzia. VETA hufundisha fani hii, na ina mpango wa kutambua ujuzi wa mafundi waliojifunza kazini, kwa hiyo hata fundi wa chini ya mwembe anaweza kuwa na cheti.

Lipia uchunguzi kama huduma inayojitegemea. Wengi wetu hutaka uchunguzi uwe wa bure, na hapo ndipo tunapomlazimisha fundi atafute faida yake katika gesi. Fundi aliyetumia saa nzima kutafuta tundu amefanya kazi, na kazi hiyo ina thamani kuliko gesi utakayoipoteza mwezi ujao. Fanya hesabu mwenyewe: chukua bei ya kujaza gesi uliyotajiwa, izidishe kwa mara utakazorudi mwaka huu, kisha uilinganishe na gharama ya kutafuta na kuziba tundu mara moja.

Kazi ikiisha, omba spea za zamani zilizotolewa, na kipime kiyoyozi mbele ya fundi. Weka kipimajoto kwenye tundu la hewa la katikati, feni ikiwa na nguvu, vioo vimefungwa, na mwendeshe gari kwa dakika 10. Hewa iwe imeshuka chini sana ya joto la nje, na ibaki hivyo gari likisimama na injini ikiwaka. Dai risiti ya mashine ya EFD, ikitaja kazi iliyofanywa na spea zilizowekwa, na si neno "matengenezo" peke yake. Iweke pamoja na majibu yako matano.

Joto likirudi, rudi kwa fundi kwanza, ukiwa na karatasi na ukiwa na adabu. Migogoro mingi huishia hapo, kwa sababu anayeona maandishi yake mwenyewe hana la kubishania. Asipokusikiliza, mwandikie barua fupi ukieleza tarehe, kazi, malipo na unachokitaka, iwe ni kurudia kazi au kurudishiwa fedha, na umpe muda wa kutosha kujibu. Baki na nakala. Asipojibu, peleka malalamiko yako Tume ya Ushindani pamoja na nakala za hati zako. Madai ya fedha waweza pia kuyafungua Mahakama ya Mwanzo. Palipo na shaka ya gesi au spea bandia, usisubiri barua: toa taarifa mapema, ukitaja duka na siku, kwa maana mtungi uliokufikia wewe jana unamfikia mwingine leo. Na usiendelee kulitumia gari lililojazwa gesi inayowaka, hata kama baridi yake inakuridhisha.

Ndugu zetu, tunamalizia na neno kwa pande mbili. Kwenu mafundi: onyesheni tundu kabla ya kutaja bei ya gesi. Mteja aliyeonyeshwa tundu hurudi na gari la ndugu yake, na mteja aliyejaziwa gesi mara tatu hurudi na lawama. Kwenu wenye magari: mkiambiwa gesi imeisha, jibuni kwa upole swali moja tu, "Imetokea wapi, fundi?" Swali hilo halina gharama, halimvunjii mtu heshima, na ndilo linalotenganisha matengenezo na mazoea.